Spika Ni Nani, na Kiti Chake Ni cha Nani?

Wengi wetu twalisikia jina la Spika katika redio na kulisoma katika magazeti. Lakini mtu akituuliza kazi ya Spika ni nini, twajibu upesi kwamba yeye ndiye mkubwa wa Bunge, kisha twanyamaza. Jibu hilo si uongo, wala si kweli kabisa. Nimejaribu kulisoma jambo hili kadiri nilivyoweza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na jina lenyewe. Spika ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili, na maana yake ni msemaji. Ajabu yake ni kwamba katika Bunge zima huyu msemaji ndiye asiyesema. Wajumbe wote wanaweza kusimama na kusifu sheria au kuilaani, lakini yeye hasifu wala halaani. Jina hilo lilitoka wapi basi? Lilitoka Uingereza, zamani sana, wakati ambapo wajumbe wa watu hawakuweza kumwendea mfalme wote kwa pamoja. Walimchagua mmoja wao awe mdomo wao, apeleke maneno yao na kurudi na majibu. Katika mwaka 1376 mtu aliyeitwa Peter de la Mare alibeba malalamiko ya wenzake juu ya wakubwa wa jumba la mfalme waliokuwa wakila fedha za nchi. Baada ya Baraza kuvunjwa alitiwa gerezani. Mwaka uliofuata, 1377, Thomas Hungerford akawa mtu wa kwanza kuandikwa katika vitabu kwa jina hilo la Spika. Mnaona kwamba kazi hii haikuanza kuwa kazi ya raha. Hata leo kule London, Spika mpya akishachaguliwa hushikwa mikono na wenzake na kuvutwa mpaka kitini, naye hujifanya hataki. Wageni hucheka wakiona, lakini wa kwanza kuvutwa hivyo hawakuwa wakicheza.

Desturi hiyo ya Waingereza ndiyo iliyoletwa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Wakati wa ukoloni gavana mwenyewe alikuwa akikaa katika kiti cha mbele cha Baraza la Kutunga Sheria, kisha baadaye wakachaguliwa Maspika. Tanganyika ilimpata Abdulkarim Karimjee katika mwaka 1956. Mwisho wa mwaka 1962 akamfuata Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa wa Uhehe aliyepigana na Wadachi. Mkwawa huyu alikaa katika kiti hicho mpaka 1994, isipokuwa miaka kama miwili tangu 1973 hadi 1975, ambapo kilikaliwa na Chifu Erasto Mang'enya. Hapa kwetu Uganda, Spika tuliyekuwa naye tulipopata uhuru alikuwa Mwingereza, Sir John Bowes Griffin, na baada yake katika mwaka 1963 akaja Narendra Patel. Kenya nayo ilimweka Humphrey Slade, mwanasheria na mlowezi wa Kizungu, naye akaendelea mpaka 1970, miaka saba baada ya bendera ya Mwingereza kushushwa. Hili lilinishangaza nilipolisoma. Lakini huenda ndilo linaloonyesha vizuri kazi hii ni ya namna gani: Spika hatazamwi kwa kabila lake wala rangi yake, hutazamwa kama apima sawa.

Sasa kazi ya kila siku. Mjumbe anayetaka kusema husimama na kungoja Spika amwone. Asipoonwa, hasemi. Akionwa, hamwambii mjumbe wa upande wa pili neno lolote. Maneno yote humwambia Spika. Huwezi kusema, "Wewe umekosea." Utasema, "Bwana Spika, Mheshimiwa aliyekaa sasa hivi amekosea." Watu wengine wanaona huu ni mzunguko wa bure. Mimi naona una akili nyingi, maana mtu akitaka kumtukana mwenzake hana budi kulipitisha tusi lake kwanza kwa mtu wa tatu, na likifika huko huwa limekwisha poa. Tena kuna maneno ambayo hayaruhusiwi hata kwa njia hiyo. Kumwita mjumbe mwongo ni mojawapo. Spika atamwamuru mwenye kulisema alifute, na akikataa atatolewa nje.

Katika Bunge la Tanzania, ambako shughuli zote huendeshwa kwa Kiswahili, utasikia mjumbe akiruka na kusema, "Kuhusu utaratibu!" Maana yake ni kwamba ameona kanuni imevunjwa. Mwingine ataomba mwongozo wa Spika. Kila mara hapo Spika huwa kama hakimu: asikilize, afungue kanuni, aamue, na akishaamua mjadala wa jambo hilo umekwisha. Maamuzi yake huandikwa katika taarifa za Bunge, na Spika atakayekuja miaka ishirini baadaye atayasoma na kuyafuata. Kwa hiyo Spika akiamua vibaya leo, amewaharibia hata wale ambao hawajazaliwa.

Wakati wa kupiga kura huuliza wanaoafiki waseme ndiyo, na wasioafiki waseme siyo, naye huamua kwa sikio lake sauti gani ni kubwa zaidi. Kama wengine hawaridhiki na sikio hilo, watahesabiwa kichwa kwa kichwa. Je, kura zikilingana? Hapa nchi hazifanani. Katiba ya Uganda yasema kwamba aliye kitini hana kura ya kawaida wala kura ya kuamua, na kura zikiwa sawa hoja imeanguka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema vivyo hivyo. Uingereza Spika anayo kura, lakini hupiga pale tu zinapolingana, na hata hapo hafuati moyo wake. Tarehe 3 Aprili 2019 kura zililingana 310 kwa 310, naye Spika John Bercow akapiga siyo, kwa desturi kwamba si kazi ya Spika kuipa hoja ushindi usioletwa na wingi wa wajumbe.

Nisisahau siwa. Spika akiingia hutanguliwa na mpambe aliyebeba fimbo kubwa ya heshima, na fimbo hiyo ikiwa mahali pake ndipo Bunge huwa Bunge. Watanzania waliiita siwa, na jina hilo walilichagua vizuri. Siwa ya asili ni baragumu ya wenyeji wa pwani. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu, na ile ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili zimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Lamu. Ilipigwa katika mambo makubwa ya mji, na si kila mtu aliruhusiwa kupigiwa. Siwa ya Bunge haipigwi, imekaa kimya kama Spika mwenyewe, lakini wote wanajua maana yake.

Mpaka hapa msomaji aweza kufikiri kwamba Spika ni kama mwenyekiti wa chama chetu cha mdahalo, mwenye kengele na saa. Ni kweli wanafanana kidogo. Sisi tulikuwa na mwenyekiti aliyeshindwa kujizuia, akaingia katika mabishano akiwa bado ameshika kengele. Tangu dakika ile hakuna aliyeisikiliza kengele yake. Lakini katika mdahalo wa shule hakuna kinachopotea ila jioni moja. Bungeni vinaweza kupotea vichwa vya watu. Kwa hiyo huwezi kuujua uspika kwa kutazama siku za kawaida. Utaujua siku ile mwenye nguvu anapofika mlangoni na kutaka kitu.

Siku kama hiyo ilifika London tarehe 4 Januari 1642. Mfalme Charles wa Kwanza aligombana na Baraza lake juu ya kodi na mamlaka, akaja mwenyewe na askari wenye silaha ili awakamate wajumbe watano. Askari walibaki nje ya mlango, yeye akaingia, akamwomba Spika kiti chake. Akawatafuta wale watano kwa macho, hakuwaona, maana walikuwa wamepewa habari wakatoroka kwa mashua. Basi akamwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi? Lenthall hakuwa shujaa. Wenzake walimjua kuwa mtu mwoga. Alipiga magoti. Lakini akiwa pale chini alimjibu mfalme kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kama Baraza litakavyomwagiza, kwa kuwa yeye ni mtumishi wa Baraza. Mfalme akaondoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia wa Uingereza aliyekanyaga katika chumba kile kinapofanya kazi.

Tazameni jibu lile. Lenthall hakusema kwamba mfalme ana makosa. Hakusema kwamba wale watano ni watu wema. Alisema tu kwamba ulimi wake si wake. Nguvu yake yote ilikuwa katika kutokuwa na maneno ya kwake mwenyewe. Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi niliposoma habari za Nairobi za mwaka 1975, nami naomba msomaji anivumilie nikizieleza kwa urefu.

Kenya wakati ule ilikuwa na chama kimoja tu Bungeni, KANU, kwa kuwa chama cha upinzani, KPU, kilipigwa marufuku katika mwaka 1969. Mwezi wa Machi 1975 mjumbe mmoja aliyependwa sana, J. M. Kariuki, alikutwa ameuawa. Bunge liliunda kamati ya kuchunguza, na taarifa ya kamati hiyo iliwakasirisha wakubwa. Hewa ya Bunge ikawa nzito. Mwezi wa Oktoba mjumbe wa Butere, Martin Shikuku, alisimama akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Palitokea kelele. Wajumbe wa upande wa serikali walitaka athibitishe maneno yake au ayafute, na kwa kanuni walikuwa na haki ya kutaka hivyo. Aliyekuwa kitini siku hiyo hakuwa Spika mwenyewe, Fred Mati, bali Naibu wake, Jean-Marie Seroney, mjumbe wa Tinderet. Seroney aliamua kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi.

Siku chache tu baadaye, tarehe 15 Oktoba, askari polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawakamata wote wawili, Shikuku na Seroney. Waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mzee Kenyatta alifariki mwezi wa Agosti 1978, na hawa walifunguliwa mwezi wa Desemba mwaka huo, amri ikitoka kwa Rais mpya, Moi. Ni zaidi ya miaka mitatu kwa sentensi moja.

Tulipojadiliana habari hii baadhi ya wenzangu walisema Seroney ndiye Spika aliyekamilika. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mwenye kiti aliulizwa kama mjumbe athibitishe au asithibitishe. Angaliweza kumwambia Shikuku alete ushahidi siku ya pili, au kumwambia abadili maneno. Badala yake alitoa ushahidi yeye mwenyewe, maana kusema kwamba jambo li wazi ni kusema kwamba ni kweli. Lenthall alikuwa hana ulimi. Seroney aliutumia wake. Lakini sisemi hivyo ili kuwatetea waliomkamata. Kosa la Spika katika kanuni huponywa na Bunge lenyewe, kwa hoja na kwa kura. Haliponywi na polisi. Serikali ikimkamata mtu kwa uamuzi alioutoa akiwa kitini, haikumkamata yeye peke yake: kila atakayekaa pale baada yake atatazama mlangoni kabla ya kuamua.

Na kwetu Uganda? Sisi pia tumeuona mlango huo. Tarehe 15 Aprili 1966, baada ya Milton Obote kuisimamisha katiba ya 1962, wajumbe waliletewa katiba mpya waipitishe siku ile ile. Askari walikuwa wamelizunguka Bunge. Wajumbe waliambiwa kwamba nakala watazikuta katika visanduku vyao vya barua, na mpaka leo watu huiita katiba hiyo kwa jina la visanduku hivyo. Sisemi kwamba Spika Patel angaliweza kuwazuia askari. Nasema tu kwamba Bunge linalopitisha kitu ambacho halijakisoma limenyang'anywa kazi yake, hata kama kura zimehesabiwa vizuri na siwa iko mezani.

Tena mwezi wa Septemba 2017, walipotaka kuondoa katika katiba kikomo cha miaka 75 kwa mtu anayegombea urais, wajumbe walipigana ngumi na kurushiana viti mbele ya macho ya watu wote. Tarehe 27 Spika, Bibi Rebecca Kadaga, aliwataja wajumbe 25 akaamuru watoke. Hawakutoka. Kuwaamuru watoke ilikuwa ni haki yake, maana bila nidhamu hakuna mjadala. Lakini walioingia kuwatoa hawakuwa watumishi wa Bunge peke yao. Waliingia watu wa usalama wasiojulikana, wakawapiga na kuwaburuta wajumbe. Baadaye Spika mwenyewe alimwandikia Rais akitaka aelezwe ni watu gani hao. Sheria ilipita mwezi wa Desemba kwa kura 317 dhidi ya 97. Wengi twabishana juu ya sheria hiyo, nami sitaki kuingia humo. Mimi hubaki nikiitazama ile barua. Spika anayelazimika kuuliza ni nani aliyeingia katika nyumba anayoilinda yeye ana shida kubwa kuliko wajumbe wanaorusha viti.

Lakini si lazima askari waje. Mwisho wa mwaka 2021 Spika wa Tanzania, Job Ndugai, alisema maneno ya kutilia shaka mikopo ya serikali, kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada. Aliomba radhi; Rais Samia akayajibu maneno hayo hadharani; na tarehe 6 Januari 2022 Ndugai akatangaza kwamba anajiuzulu. Hapana aliyemgusa. Jambo lililonifanya nisimame kidogo ni barua aliyoitangaza: aliielekeza kwa Katibu Mkuu wa chama chake. Lenthall alipoulizwa wewe ni mtumishi wa nani, alijibu kwamba ni wa Baraza. Barua ile nayo ni jibu.

Hapo ndipo penye ugumu wa uspika katika nchi zetu. Uingereza Spika akichaguliwa hujitoa katika chama chake, na kwa desturi vyama vikubwa havimpingi katika uchaguzi. Kwetu hubaki na kadi yake mfukoni, na chama kilichompa kiti ndicho kinachoweza kumnyang'anya. Wazee walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sijui kwa nini tutegemee kwamba Spika atakuwa malaika. Katiba hujaribu kusaidia. Uganda Spika huchaguliwa miongoni mwa wajumbe wenyewe, Jaji Mkuu akisimamia uchaguzi huo, na Bunge haliruhusiwi kufanya shughuli nyingine kama kiti ki wazi. Kenya ni kinyume: Spika hatakiwi kuwa mjumbe, na mjumbe akichaguliwa hupoteza jimbo lake. Kumwondoa Spika katika nchi hizo mbili kwahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote. Mimi napendelea njia ya Kenya, kwa sababu mtu asiye na jimbo hana haja ya kuwaogopa wapiga kura wa jimbo moja. Lakini kadi ya chama haiondolewi kwa sheria.

Hata hivyo mambo hutokea yasiyotazamiwa. Tarehe 15 Januari 2008, damu ikimwagika Kenya kwa ugomvi wa uchaguzi wa Rais, Bunge jipya lilikutana kumchagua Spika. Walipiga kura mara tatu. Kenneth Marende wa ODM, mjumbe wa Emuhaya, alimshinda Francis ole Kaparo, Spika wa miaka kumi na mitano, kwa kura 105 dhidi ya 101. Kura hizo zilikuwa za vyama vitupu, na kila mtu alisema kwamba Raila Odinga amepata Spika wake. Mwaka uliofuata, serikali ikiwa ya vyama viwili, Rais Kibaki aliandika barua akimtaja Kalonzo Musyoka kuwa kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, ambaye ndiye angekuwa mwenyekiti wa kamati ya kupanga kazi za Bunge. Waziri Mkuu Odinga naye akaandika akijitaja mwenyewe. Barua mbili, kiti kimoja. Bunge likakwama.

Tarehe 28 Aprili 2009 Marende alisoma uamuzi wake, na nchi nzima ilisikiliza. Alisema kwamba si kazi ya Spika kuichagulia serikali kiongozi wake, na kwamba barua mbili zinazopingana si barua. Wakubwa hao wawili waende wakapatane, walete jina moja. Na kwa kuwa Bunge haliwezi kulala likiwangoja, yeye mwenyewe ataongoza kamati ile kwa muda. Odinga hakupata alichokitaka kwa Spika wake, wala Kibaki hakupata. Kamati ikapata mwenyekiti, na shughuli za Bunge zikaendelea.